Kifungo cha Kufungulia

Meneja wa kiwanda cha mashati alimaliza chai yake, akafuta midomo, akakaa kwenye kiti chake cha magurudumu, na gari lake likalia uani. Lililia mara mbili, taa zikapepesa, buti likainuka lenyewe. Sababu ilijulikana na kila mtu. Meneja alikuwa na mapaja manene na suruali za kubana, na rimoti ya gari ilikaa mfuko wa mbele pamoja na simu na kikopo cha peremende. Akikunja miguu tu, kitu kimoja kilikandamiza kingine na kifungo cha kufungulia kikajibonyeza. Wengine husema kitufe, lakini katika kiwanda kile kila kinachoshonwa na kila kinachobonyezwa kiliitwa kifungo.

Gari lilipofunguka, mlango wa ukumbi wa cherehani nao ulifunguka. Ulikuwa mlango wa chuma usio na waya wala betri, wenye komeo na kufuli kwa nje. Kufuli lilidondoka, komeo likajirudisha, mlango ukaachia. Ndani ya ukumbi zipu za mikoba zilishuka, vifuniko vya chupa za maji vikajizungusha, miavuli iliyoning'inia ukutani ikachanua. Mashati yaliyokwisha kukunjwa yalijifungua vifungo kuanzia kola hadi pindo. Wanawake waliokuwa wakishona waliinuka, wakapanga foleni, wakaenda chooni.

Choo kilikuwa ng'ambo ya ua. Mlango ulifungwa asubuhi wakishaingia, ukafunguliwa wakati wa chakula, kisha ukafungwa tena mpaka jioni. Meneja alikwisha kueleza kwamba mashati yanaibwa, na kwamba yeye hamshuku mtu fulani, bali anawashuku wote, asije akaonekana ana upendeleo. Kwa hiyo watu walijifunza kunywa maji kidogo na kumshukuru Mungu kwa mapaja ya Meneja.

Taabu ilikuwa lile buti. Foleni ya choo ilipita nyuma ya gari, na macho hayana pazia. Ndani ya buti mlikuwa na mashati mapya, yamepangwa vizuri mpaka juu, na kola zake zilikuwa na mshono mdogo wa kurudia pembeni ambao ni mtu mmoja tu ukumbini aliyeushona namna ile. Mtu huyo aliitwa Kola, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alizitazama kola zake, akatazama dirisha la ofisi, akaendelea na safari ya chooni. Waliomfuata nao wakatazama. Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini, lakini hawakusema zinahesabiwa na nani, hasa kalenda ikiwa inaning'inia ofisini kwake.

Meneja alishuka ngazi, akafunga buti.

"Sampuli," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Tangu siku hiyo shaka ilihamia kiwandani na kupata meza yake. Meneja alishuku kwamba mlinzi ana rimoti ya pili, akamvua viatu na kumgeuzia mifuko nje. Mlinzi akamshuku Kengele, msimamizi wa ukumbi, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya sauti yake. Kengele akawashuku washonaji kwa kuwa walikuwa wakinyamaza vibaya. Washonaji wakashukiana wenyewe kwa wenyewe, maana Meneja alijua nani alikawia karibu na buti, na hilo halikuletwa na upepo.

Meneja alijaribu kila njia. Aliihamishia rimoti mfuko wa shati, akaegemea meza, gari likalia. Aliitia ndani ya kikopo cha peremende, na kikopo kikafunguka. Nyumbani aliiweka chini ya mto, na alipogeuka, mkewe alifunguka, akamweleza yote aliyoyaweka moyoni kuhusu mama mkwe wake. Asubuhi yake hakunywa chai nyumbani, akaja kuinywea ofisini, na akamwita Mama Vifungo.

Mama Vifungo ndiye aliyeshona vifungo vya kiwanda kizima, na alikuwa mama yake Kola. Alipanda ngazi polepole kwa sababu alikuwa na jambo lake. Kola alikuwa mjamzito, na mwezi wenyewe ulikuwa umetimia. Tumbo alilificha chini ya koti la kazi lililomzidi saizi mbili, kwani aliyeonekana na tumbo alirudishwa nyumbani akapumzike, na hakuitwa tena. Mumewe alikuwa dereva wa malori na alikuwa safarini. Mama Vifungo alikuwa na mpango mmoja tu: uchungu ukianza, atangoja Meneja akunje miguu, mlango ufunguke, amtoe mwanawe. Mpango huo haukuwa mkubwa, lakini ulimpa usingizi.

"Nataka kifuko," Meneja alimwambia. "Nikae, nilale, niangukiwe na kabati, kisibonyezeke."

"Si ungeiweka mezani tu, Meneja?"

"Mezani itachukuliwa."

"Na nani?"

Meneja alisogeza kikopo cha peremende karibu naye. "Ndiyo ninachochunguza."

Hakumruhusu kwenda kushonea ukumbini. Alimpa mkanda wake wa zamani, akamweka kwenye kiti mbele yake, na akawa anaangalia sindano ikiingia na kutoka. Mama Vifungo alikata ngozi, akashona, na palipokuwa na kifungo cha kufungulia akaacha ngozi nyembamba kidogo, kiasi cha paja kufanya kazi yake. Meneja alikitia kifuko mfukoni, akakaa, akakunja miguu. Gari likalia. Dirishani foleni ya choo ilionekana ikipita.

Meneja alikitoa kifuko, akakipapasa kwa dole gumba. "Huku kote ni pagumu. Hapa laini. Kwa nini hapa tu?"

"Ni mkanda, Meneja. Mkanda una pale ulipokunjwa."

"Nimeuvaa mimi huo mkanda. Najua ulipokunjwa. Rudia."

Mama Vifungo aliogopa. Alielewa kwamba akishukiwa mara ya pili atatolewa getini siku hiyo hiyo, na Kola atabaki nyuma ya mlango ule bila mtu wake. Hofu hiyo ndiyo iliyomfanya ashone vizuri. Alikunja ngozi mara mbili. Akachukua kifungo kikubwa cha koti, chenye ukingo uliosimama na shimo katikati, akakikaza juu ya kifungo cha kufungulia kama tenga lililofunika kifaranga, hata kila kitakachokandamiza kikutane na ukingo kwanza. Juu yake akaweka kifuniko cha ngozi, na kifuniko akakifunga kwa kifungo kingine.

Meneja alikaa, akakunja miguu, akajizungusha na kiti. Alikiweka kifuko chini akakikalia. Akamwita mlinzi, naye akakikalia. Gari lilinyamaza.

"Hii sasa ndiyo kazi," Meneja alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsifu mtu ndani ya jengo lile. Mama Vifungo alirudi ukumbini, na mlinzi akafunga mlango nyuma yake.

Wiki ile washonaji hawakunywa maji kabisa. Walimtazama Mama Vifungo kwa pembe za macho, na mmoja alisema, akimwambia cherehani, kwamba kuna watu mikono yao ni hodari kupita roho zao. Mama Vifungo alisikia. Akatunga uzi mwingine, maana jibu lolote lingeishia kulitaja tumbo la Kola.

Uchungu ulimshika Kola asubuhi, baada ya chai ya Meneja. Aliinama juu ya meza, akaondoa mguu kwenye cherehani ili isimshone, akasema, "Mama." Walimlaza juu ya marobota ya vitambaa. Kengele alichukua simu ya ukutani.

"Meneja, Kola anajifungua."

"Anajifungua kwa kutumia nini?" Meneja aliuliza. "Ufunguo ninao mimi."

"Anajifungua, Meneja. Hali yake si nzuri. Tufungulie mlango."

"Wewe ni msimamizi au ni nani? Mwambie aache mara moja."

Kengele aligeuka. "Anasema uache."

Kola alisema haiwezekani.

"Anasema haiwezekani."

"Nilijua," Meneja alisema. "Nilijua tangu mwanzo kuwa ni yeye. Nilimwona alivyokuwa akilitazama gari." Akakata simu.

Alikipapasa kifuko, akakikuta kimefungwa sawasawa. Hata hivyo akamtuma mlinzi aegemee mlango kwa mgongo, na ukisogea ausukume. Mlinzi alisikia kelele, akauliza kuna nini humo ndani, akajibiwa kwamba mtu anajifungua. Akakaza miguu zaidi. Yeye naye alikwisha kuvuliwa viatu, na alitaka jina lake lisafishwe.

Ndani, Kola aliivuta sketi yake chini kwa aibu, maana ukumbi mzima ulikuwa umemzunguka. Kengele akapiga magoti.

"Mficha uchi hazai, mwanangu," alisema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo. "Achia."

Mama Vifungo alikishika kichwa cha mwanawe, na masikio yake yalikuwa uani. Alisubiri gari lilie. Alimjua Meneja, wakati huo lazima alikuwa amekasirika, na akikasirika hukunja miguu. "Kaa vibaya," alinong'ona. "Kaa vibaya mara moja tu." Gari halikulia. Alikumbuka ukingo wa kile kifungo cha koti na jinsi alivyoukaza, na iliuma sana kujua kwamba alikuwa ameshona vizuri.

Mtoto alitoka kabla ya saa ya chakula, jua likiwa limefika kwenye meza za upande wa pili. Alikuwa msichana. Kitovu kilifungwa kwa uzi wa vifungo na kukatwa kwa mkasi wa nyuzi, naye alikuwa kimya, ngumi zimekazwa, macho yamefumbwa, midomo imebanwa. Kola hakusogea, damu ilikuwa nyingi. Mama Vifungo alimpulizia mtoto usoni. Mtoto akafungua kinywa, akalia.

Kufuli lilidondoka. Komeo likajirudisha, na mlinzi akaingia ukumbini kinyumenyume mpaka kwenye meza ya pasi. Geti la kiwanda lilifunguka, madirisha yakafunguka, miavuli ikachanua, mashati yote yakajifungua vifungo, na kule uani buti likainuka bila gari kulia. Washonaji walimbeba Kola nje kwenye hewa. Damu ikapungua, akaomba maji. Mmoja wao alienda kwenye buti, akachagua shati laini, akamfunika nalo mtoto.

Meneja alishuka ngazi, mkono mmoja umeshika suruali, kwa kuwa zipu ilikuwa imeshuka, na mwingine umeshika kifuko, ambacho peke yake ndicho kilikuwa bado kimefungwa. Alimtazama mtoto. Alimtazama Kola.

"Kumbe ni kujifungua huko," alisema.

"Ndiyo, Meneja," alisema Kengele.

Alifikiri. "Vyovyote vile, hakuna ruhusa ya kujifungua saa za kazi. Na hilo shati ni la kiwanda."

"Limetoka kwenye gari lako, Meneja," Mama Vifungo alisema.

Kila mtu alilitazama buti, naye Meneja akalitazama, akaenda akalifunga. Kisha akaamuru Kola apelekwe nyumbani. Getini mlinzi alimkagua kama anavyokaguliwa kila anayetoka, akakuta shati moja jipya la kiwanda, mtoto akiwa ndani yake. Jioni Meneja alisimama mbele ya ukumbi, akatangaza kwamba uchunguzi umekamilika, na mwizi wa mashati amepatikana. Aliwashukuru wote kwa ushirikiano wao, kisha akaongeza kufuli la pili.

Kola hakuitwa tena. Mtoto anaendelea vizuri. Akilia kwa njaa, hakuna kitu kinachobaki kimefungwa kuanzia chumbani mwao mpaka mwisho wa mtaa, na majirani wamezoea. Huja na masanduku yaliyogoma kufunguka na makufuli yenye kutu, wakakaa kwenye benchi barazani wakingoja aamke. Mama Vifungo alitamani kwenda naye siku moja kazini, lakini siku hizi mlinzi hukagua mikoba watu wakiingia pia. Anatafuta watoto.

Mashati bado yanapotea. Meneja anasema Kola lazima aliacha wenzake. Kifuko nacho hakijafumuka hata uzi mmoja, na mameneja wa viwanda vya jirani waliokiona wamevutiwa, kila mmoja anataka chake. Kazi hiyo amepewa Mama Vifungo, naye hakuweza kuikataa, kwa sababu sasa, mume wa Kola akiwa bado safarini, nyumba nzima inakula kwa mikono yake. Hushona asubuhi, mlango ukiwa umefungwa kwa nje, na kila kifuko akikimaliza hukiweka kitini na kukikalia, akasikiliza uani kama gari litalia, kisha akachukua ngozi nyingine.