Kigari cha Mzee Mathiang

Rangi ya kupuliza inataka mkono uliotulia, na Lagu hakuzaliwa nao. Tangu asubuhi alikuwa akikizunguka kigari cha gofu uani kwake Lemon Gaba, mjini Juba, kama kuku anayetafuta pa kutaga. Bodi ya plastiki alikuwa ameshaisugua kwa msasa na kuiosha, viti na taa akavifunika kwa magazeti na selotepu. Praima, ile rangi ya msingi, aliipiga jana. Iliyobaki ilikuwa kahawia, makopo sita kutoka Kampala. Lori lililoyabeba liliharibika njiani, Nesitu, dereva akasema litafika baada ya siku mbili, na Lagu akapanda boda kuyafuata mwenyewe. Siku mbili tu! Lakini mtu mwenye kiherehere utamfanyaje?

Kigari alipewa na mwenye hoteli alikokuwa fundi umeme, hoteli ilipofungwa. Kilikuwa kimekufa kabisa. Lagu alikifufua, na sasa kilikuwa zawadi ya Mzee Mathiang wa mtaa wa New Site, baba yake Akuac.

Akuac na Lagu, kijana wa kabila la Wamadi, walikuwa wameshakubaliana kuoana. Aliyekuwa hajakubali ni mzee. Alikuwa Mdinka aliyelea wanawe ukimbizini Kenya, akarudi Juba kwa magongo, kwa kuwa mguu mmoja ulibaki vitani. Alimwambia binti yake bila kuficha: "Huyo Mmadi wako amekulia Uganda. Ng'ombe hajui. Nikikaa naye tutaongea nini?" Maneno hayo yalimkaa Lagu kooni kama mwiba wa samaki. Na sasa shangazi zake Akuac walikuwa wamemtaja mwanamume mwingine, mwenye zizi la ng'ombe. Mzee akiitikia, basi yamekwisha.

Ndiyo maana ya kahawia. Lagu alikuwa amesikia kwamba Wadinka huitwa kwa rangi za ng'ombe, na kwamba Mathiang ni ng'ombe wa kahawia. Mzee akikiona kigari ajione mwenyewe, na ajue kwamba huyu Mmadi si mjinga kama anavyodhaniwa.

Alitikisa kopo la kwanza, gololi ikagonga ndani, akapuliza. Kanuni aliijua: shikilia kopo mbali kidogo na bodi, pitisha mkono, rangi iwe nyembamba, ngoja ikauke, rudia. Mkono aliupitisha vizuri. Kungoja ndiko kulikomshinda. Tabaka la pili alilipiga la kwanza likiwa bado linanata, rangi ikashuka ubavuni kwa michirizi. Akachukua msasa, akasugua na kupuliza upya, akilaani.

"Kaka, wewe iko napaka rangi ama nafukuza mbu?" Ketty, dada yake, alimcheka kutoka jikoni.

"Wacha mimi, Ketty."

"Lakini wewe iliuliza mzee yeye nataka rangi gani?"

"Kuuliza ya nini? Jina yake iko Mathiang. Khalas, basi!"

Ketty alitikisa kichwa akarudi kwenye sufuria yake.

Akuac alikuwa amemwambia Lagu aje Jumapili, baada ya ibada. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Saa tisa Lagu aligusa boneti, akaona kidole hakikushika rangi nyingi, akajiambia imekauka. Akabandua magazeti, akapanda, akaondoka akipita pembeni ya barabara, waendesha boda wakimpigia kelele na vumbi likitua juu ya kazi yake yote.

Mzee Mathiang alikuwa kibarazani na redio yake. Akuac alitoka ndani, akamwona Lagu juu ya kigari, akajishika mdomo. Mzee alizima redio, akashuka kwa magongo, akakizunguka kigari taratibu. Aliweka kiganja kwenye boneti. Alipokiinua kilikuwa na rangi.

"Bado mbichi," alisema.

"Malesh, samahani mzee. Mimi haikuweza kungoja."

"Naona. Na kwa nini rangi hii?"

"Sababu ya jina yako, mzee. Mathiang."

Mzee alikifuta kiganja kwenye gongo lake.

"Mathiang ni ng'ombe aliyetolewa mama yangu akiolewa," alisema. "Nilizaliwa nikapewa jina lake, mimi sikuchagua. Ng'ombe wangu, yule baba alinipa nikiwa kijana, yule niliimbia kama kila kijana wetu huimbia ng'ombe wake, alikuwa Marial. Mweusi na mweupe."

Lagu alitamani ardhi ipasuke immeze. Alijiona mjinga mara mbili, kwa kutojua na kwa kujifanya anajua. Akarukia usukani.

"Mimi itabadilisha, mzee! Leo leo! Mimi naenda soko sasa hivi..."

"Unaenda kupaka nini?"

"Nyeusi na nyeupe."

"Nyeupe wapi? Shingoni? Mgongoni? Kijana, umekuja hapa mara ngapi? Hujawahi kuniuliza kitu hata kimoja. Unatuma Akuac, unatuma salamu, sasa umetuma gari."

Ilikuwa kweli. Alikuwa akimwogopa mzee huyu mwaka mzima, na woga wake alikuwa ameugeuza kuwa pupa. Mzee akarudi kibarazani. Akuac alileta kigoda, akakiweka karibu na kiti cha baba yake. Lagu akashuka kwenye kigari, akakaa.

"Mzee," alisema, "Marial yako ilikuwa namna gani?"

Mzee alianza na pembe. Akaja kwenye kengele, kwenye weupe uliotoka kifuani ukapita ubavuni, kwenye namna Marial alivyotembea mbele ya wengine wote. Chai aliyoleta Akuac ikapoa. Akaeleza jinsi askari walivyomchukua Marial mwaka uleule mzee aliopoteza mguu, na kwamba mguu aliulilia kidogo kuliko ng'ombe. Akuac alisimama mlangoni akisikiliza kama mgeni. Hakuwahi kuyasikia hayo, wala yeye hakuwahi kuuliza. Lagu alimsikitikia mzee kwelikweli, na kwa mara ya kwanza hakutaka kuondoka hapo.

Mzee alipomaliza alikitazama kigari.

"Toa hiyo rangi," alisema. "Upake pole pole, ikauke. Siku wazee wako watakuja kuposa, nataka wanikute nimekaa juu ya Marial."