Kitambaa cha Meza ya Mwenyekiti

Boke alipakua ugali wa mtama, akaweka bakuli la samaki aina ya ningu pembeni, akafunika vyote kwa sinia na kuketi kumngoja mumewe. Jua lilikuwa linashuka upande wa Musoma. Chini ya vyombo kulikuwa na kitambaa kirefu cheupe chenye marembo ya bluu na nyekundu, alichokidarizi kwa mkono wake. Kitambaa kikaanza kujivuta. Kilijitoa chini ya bakuli bila kumwaga mchuzi, kikateremka kwa mguu wa meza, kikatoka nje.

Boke alijifunga kanga akakifuata.

Kazi hiyo ya kudarizi alifundishwa na mama mmoja wa Kiswidi, aliyekuja Butiama kukaa na akina mama kila alasiri. Sindano haitoboi kitambaa. Inapita chini ya nyuzi zilizoinuka juu yake, kwa hiyo upande wa nyuma unabaki mweupe kama hapajafanyika kitu. Boke aliipenda kuliko kulima pamba. Aliwadarizia mawifi, aliwadarizia maharusi, na hakuuza hata kimoja. Nyamhanga, mume wake, alipochaguliwa mwenyekiti wa kijiji, Boke alimtengenezea hiki. Desturi ya kazi ile ni kuanzia katikati ya kitambaa na kwenda upande mmoja, halafu kurudi katikati na kwenda wa pili, ili pande zote zipate sawa. Boke alitaka kuwahi sherehe, akaanzia ukingoni. Mswidi alikitazama akasema, "Hiki kina haraka ya kwenda."

Sasa kilikuwa kinakwenda. Kilifuata mstari wa nyumba mpya, kuku wakakipisha, na mama mmoja aliyekuwa anatwanga akainua mguu kipite. Njia ilikuwa imenyooka. Wakati wa Operesheni Vijiji, watu waliposhushwa vilimani na kupangwa mistari, Nyamhanga ndiye aliyeshika kamba ya kupimia viwanja. Zamani mjane mmoja, Marcelina, alikaa kule karibu na Mugango, na mtu wa Butiama alihitaji sababu nzuri kufika huko. Kamba ilimleta mstari mmoja na mwenyekiti. Boke alikuwa hajawahi kuutazama mstari ule hivyo, kutoka mlango wake hadi mlango wa pili, pasipo hata kona moja.

Kitambaa kiliingia kwa Marcelina kikapanda mezani. Nyamhanga, aliyeaga kwamba anakwenda kikaoni, alikuwa ananawa mikono. Aliinua viwiko kidogo ili kitambaa kipite chini yake.

Boke alirudi kwake akala ugali wa watu wawili.

Asubuhi Marcelina alikileta kimekunjwa vizuri.

"Mama Silasi, kitambaa chako kimelala kwangu."

"Nani alikiita?"

"Mimi sijakiita. Kimekuja chenyewe."

"Vyangu vyote vinakujaga vyenyewe kwako," Boke alisema. "Wewe hata kifungo cha blauzi unapelekaga kwa fundi."

"Kweli," Marcelina alijibu. "Mimi napikaga tu."

Jioni Boke alikifunga kitambaa kwa kamba kwenye mguu wa meza. Meza ikaenda nacho, ikachelewa kidogo mlangoni kwa sababu ya upana. Aliirudisha kwa kuibeba kichwani, na walioketi nje walimsalimia kama kawaida.

Alipolipeleka jambo hilo kwenye mkutano, mumewe alisikiliza akiwa kwenye kiti cha mwenyekiti.

"Kitambaa kina miguu yake, mimi nifanyeje?" alisema Nyamhanga. "Na hiki ni kijiji cha ujamaa. Mali ya mmoja ni mali ya wote."

"Hata mume, ndugu mwenyekiti?" aliuliza Wankyo, jirani yao.

Watu walicheka. Nyamhanga naye alicheka, kisha akaingia kwenye ajenda ya shamba la pamoja.

Boke hakucheka. Hakutaka kitambaa kife, wala hakutaka mume aende zake. Alitaka tu yule mwanamke asipate kitu ambacho upande wake wa pili hauko mkononi mwa Boke mwenyewe. Alimwagiza kaka yake wa Bunda amletee kitambaa na nyuzi, akaunganisha vipande mpaka urefu ukatosha kutoka meza yake hadi ile nyingine. Safari hii alifuata desturi. Katikati iliangukia kizingitini kwa Wankyo, kwa hiyo akaketi hapo, akadarizi kuelekea kwake, kisha akarudi hapo hapo akadarizi kuelekea kwa Marcelina. Alihesabu nyuzi kwa ukali, asimpunje mwenzake wala kumzidishia.

"Unamdarizia mke mwenzio," Wankyo alisema.

"Najidarizia mimi. Sogeza mguu."

Kilipokamilika kitambaa kilitulia. Hakikuwa na safari tena, maana kilikuwa kimeshafika. Watu walizoea kukiruka wakienda kisimani, na mbuzi walifundishwa kupita nyuma ya nyumba. Nyamhanga alikisifu mbele ya wageni kutoka Musoma kama mfano wa kazi za akina mama. Hakuwaambia kinaishia wapi.

Jioni moja Boke alipakua ugali, akaweka samaki, akafunika kwa sinia, akaketi. Giza lilipoanza kuingia, kitambaa kilivutika kidogo kuelekea mlangoni, kikatulia. Kule mwisho wa pili, Baba Silasi alikuwa ameweka viwiko mezani.

Boke alilishika bakuli lisianguke, akalivuta karibu, akaanza kula.