Mbwa Wote Wapo

Luciana alikuwa amechuchumaa nyuma ya kibanda chake cha supu, akipasua kongoro kwa shoka la mkono, mbwa waliofukiwa Jumamosi walipokuja kutafuta mifupa. Walipita njia yao ya siku zote, ule uchochoro wa kati ya mashine ya kusaga na duka la vocha, wakaketi pembeni ya karai la maji machafu. Balozi alitangulia. Luciana alimpa jina hilo kwa sababu hakukuwa na nyumba katika senta ya Nyabikondo ambayo mbwa yule hakuwahi kuitembelea. Masikio yake yalikuwa yamejaa udongo mwekundu, na jicho moja lilikuwa limezibwa na tope lililokauka. Luciana akamtupia mfupa. Balozi akaudaka, akaenda kuutafunia chini ya benchi.

Wachimbaji waliokuwa wakinywa supu wakasogeza miguu. Omondi, mtu mzima aliyevuka kutoka upande wa Kenya kufuata mashimo ya dhahabu, aliinama akawatazama.

"Si hawa ndio walitiwa kwa duara?"

"Ndio hawa," Luciana akajibu.

"Haya. Niongeze pilipili, mama."

Nyabikondo ni senta ndogo, ukitoka Nyamwaga kuelekea Matongo. Wenyeji wana migomba, mahindi na ng'ombe. Wa kuja, kama Luciana na mumewe Batholomeo waliotoka Kahama, wana koleo na matumaini. Miezi michache kabla ya hapo, Robhi, binti wa jirani yao Waisiko, aling'atwa na mbwa mgeni aliyekuwa akipita akidondosha mate. Zahanati walimwosha kidonda kwa sabuni, wakasema sindano ya kichaa cha mbwa hawana, apelekwe mjini. Mjini wakasema imeisha, arudishwe wiki ijayo. Wiki hiyo ijayo ilipofika, Robhi alikuwa akiona kikombe cha maji anapiga kelele. Walimzika nyuma ya migomba. Mbwa mwenyewe alikuwa ameshakutwa mtaroni, amekufa siku nyingi.

Ndipo mtendaji wa kijiji, Machage, akapita na kipaza sauti akitangaza kwamba mbwa wote wanaozurura wataondolewa kwa utaratibu. Vibarua wakatafutwa, na Batholomeo, ambaye shimo lake lilikuwa halijatoa kitu tangu mvua za vuli, akawa mmoja wao. Kazi haikuwa ngumu. Mbwa wa senta walikuwa wamewazoea watu; wengi walikuja walipopigiwa mluzi. Baadhi walikuwa na utepe wa bluu shingoni. Walifungwa utepe huo na wachanjaji waliopita mwaka jana wakitokea upande wa Serengeti, iwe alama kwamba hawa wameshachanjwa. Wakaswagwa pamoja na wenzao hadi kwenye duara la zamani, shimo refu lililoachwa na wachimbaji, wakasukumwa ndani, na udongo ukafuata.

Luciana aliyaona hayo kwa sababu alikuwa amempelekea mumewe chakula. Alisimama na hotpoti mkononi akisikiliza sauti zikipungua moja baada ya nyingine kule chini, kama watu wanaoagana mmoja mmoja kwenye msiba. Batholomeo alimwona. Hakuacha kufukia. Luciana akageuka, akarudi na ugali wake nyumbani.

Mtu fulani alikuwa amerekodi kwa simu. Video ikavuka mpaka, ikazunguka huko, ikarudi ikiwa imebandikwa maneno ya kuuliza wenye mamlaka wako wapi. Wenye mamlaka wakaunda tume.

Lakini kabla tume haijafika, mbwa walikuwa wamekwisha kurudi, na senta ilikuwa imekwisha kuwazoea. Kitu kimoja tu hawakurudi nacho. Balozi alipofumbua mdomo kubweka, kilichotoka ni udongo kidogo uliomwagika juu ya miguu yake ya mbele. Mlio wenyewe ulisikika kule duarani, ng'ambo ya mashamba ya mahindi. Ikawa hivyo kwa wote. Walifumbua midomo hapa, na mlio ukatoka kule, umechelewa kidogo, kama radi inavyochelewa nyuma ya umeme.

Kila kulipopambazuka Batholomeo aliwakuta wamelala mlangoni kwake. Kwa nini walimchagua yeye kati ya vibarua wote, hakuna aliyejua, labda ni kwa sababu alikuwa mume wa mwenye mifupa. Walimlamba vidole alipokuwa akifunga kamba za viatu. Akawaacha wamlambe. Kila walipoondoka, alichukua ufagio na kuuzoa udongo walioacha kizingitini, akaenda kuumwaga mbali, chini ya migomba ya watu. Tangu ile Jumamosi, yeye na Luciana walikuwa wakizungumza tu juu ya chumvi, kuni, na ada ya binti yao Happy aliyekuwa akisoma bweni.

Waisiko alikuja kibandani siku ya soko. Hakuagiza supu. Alisimama, kanga ameivuta mpaka kidevuni, akawatazama mbwa mmoja mmoja.

"Mama Happy, hawa walirudi lini?"

"Jumanne, Mama Robhi."

"Na lile shimo lina kina kuliko kaburi letu."

"Lina kina sana."

Waisiko akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia habari ya barabara mpya. "Mimi mlango wangu siufungi siku hizi," akasema. "Nimemtandikia kitanda."

Luciana akamvutia kigoda. Waisiko akakaa hadi jua likawa kali, akimwangalia Balozi, na mara moja Luciana alimsikia akimuuliza mbwa yule kwa Kikurya, kwa sauti ya chini, jambo ambalo lilikuwa na jina la Robhi ndani yake. Balozi akafumbua mdomo. Kule duarani mbwa akabweka.

Jioni moja Machage alipita. Alikunywa supu hadi tone la mwisho, akajifuta mdomo kwa leso.

"Nasikia umeomba kusema mbele ya tume."

"Ndiyo, mtendaji."

"Si vibaya. Kila mtu ana haki yake." Akatazama nguzo za kibanda, akatazama bati. "Ila wewe ni mtu wa kuja, dada yangu, na hapa tumekupokea vizuri. Hiki kiwanja ni cha kijiji. Na aliyeshika koleo ni nani? Hebu nikumbushe."

Luciana akaishika sufuria kwa mikono miwili.

"Unamjua aliyeshika," akasema.

"Basi fikiria vizuri," Machage akasema. Akampitia Balozi kwa kumruka, kama mtu anavyoruka dimbwi, akaenda zake.

Tume ilikutana darasani, katika shule ambayo ilikuwa likizo. Mwenyekiti wake alikuwa Mzee Nyangwine, mstaafu aliyeheshimika, mwenye sauti ya upole na suti ya kijivu. Watu walimwamkia shikamoo, naye akawaitikia marahaba mmoja mmoja bila kuchoka. Mbwa waliingia pamoja na watu. Waliketi katikati ya madawati, na wale waliokosa nafasi wakabaki mlangoni.

Tume ilikuwa imeanzia duarani asubuhi ile. Ilisimama ukingoni ikasikiliza.

"Tumesikia wanabweka," Mzee Nyangwine aliwaambia watu. "Mbwa aliyekufa habweki. Hilo tunaliweka wazi mapema ili tusipoteze muda."

Luciana akaitwa. Alieleza yote aliyoyaona: mluzi, tepe za bluu, sauti zilizokuwa zikipungua. Mzee alimsikiliza bila kumkatiza.

"Unamfahamu mbwa hata mmoja kati ya hao unaosema walifukiwa?"

"Namfahamu Balozi."

"Aliingia shimoni?"

"Aliingia. Aliniangalia kabla ya kusukumwa."

"Na sasa yuko wapi?"

"Yule pale, karibu na ubao."

Wajumbe wote wakageuza vichwa. Balozi akatingisha mkia, na vumbi jekundu likatimka.

"Kwa hiyo yupo," Mzee akasema.

"Yupo, baba. Lakini alikufa."

"Mama, mimi nakuuliza kitu kimoja tu. Yupo, au hayupo?"

Luciana akamtazama Balozi. Alitamani kusema hayupo, na asingekuwa anasema uongo. Lakini mbwa alikuwa amekaa pale, anajikuna sikio, na ungo mzima wa udongo ulikuwa umemwagika sakafuni.

"Yupo," akasema.

"Andika," Mzee akamwambia katibu. "Yupo."

Baada yake akaitwa Batholomeo. Alisimama akiwa amekunja kofia yake mkononi. Mbwa waliokuwa mlangoni wakainuka, wakaja kukaa kuzunguka miguu yake. Luciana hakutaka kumtazama, akamtazama.

"Ulifanya kazi siku hiyo?"

"Nilifanya."

"Kazi gani?"

"Kufukia shimo, mzee. Lilikuwa hatari, watoto wangetumbukia."

"Ndani ya shimo kulikuwa na nini?"

"Sikuangalia ndani."

Machage, aliyekaa kwenye kiti cha mwalimu, aliweka mguu juu ya mguu mwingine. Batholomeo akakaa chini. Mbwa mmoja mwenye utepe wa bluu akaweka kidevu juu ya goti lake.

Mwisho aliitwa Waisiko. Yeye hakuwa ameomba. Machage ndiye aliyemleta, ili tume ione jinsi mbwa wanavyoua. Alipoulizwa kama yeye, mama aliyefiwa, aliridhika na hatua zilizochukuliwa, alisema:

"Aliyemng'ata mwanangu alikufa mwenyewe mtaroni. Hawa hawakumng'ata. Mimi nilienda zahanati, sindano hakuna. Nikaenda mjini, sindano hakuna. Mbona hamuulizi sindano ilikuwa wapi?"

"Pole sana, mama," Mzee Nyangwine alisema, na ilikuwa pole ya kweli. Macho yake yalilowa. "Hilo liko nje ya hadidu za rejea zetu. Sisi tumetumwa mbwa."

"Mlitumwa mbwa," Waisiko akarudia.

"Ndiyo, mama."

"Robhi si mbwa." Akasema hivyo, akafunga kanga yake vizuri, akatoka. Watu wakampisha, mbwa pia.

Taarifa ilisomwa kwenye mkutano wa hadhara. Ilisema kwamba tuhuma za ukatili dhidi ya mbwa wa Nyabikondo zilichunguzwa kwa kina na hazikuthibitika. Mbwa wote wapo, wameonekana kwa macho, na tabia yao ni tulivu kuliko hapo awali kwa kuwa hawapigi kelele ndani ya senta. Kuhusu mlio wa duarani, tume ilipendekeza pamwagwe kifusi zaidi. Wananchi wakaombwa wajiepushe na kusambaza video. Watu wakapiga makofi kidogo, kama ilivyo desturi taarifa inapokwisha, wakatawanyika kwenda kufungia ng'ombe.

Nyumbani Luciana alimkuta Batholomeo amekaa kitandani na viatu vyake.

"Ningesema wangenikamata mimi," akasema. "Si mtendaji. Mimi."

"Najua."

"Unajua, lakini unaniangalia hivyo."

"Sijui kukuangalia vingine, Baba Happy. Nisubiri kwanza."

Akampakulia. Alikula chote, akashukuru.

Kifusi kikamwagwa. Mlio haukupungua, ila ukawa unatokea mbali zaidi. Waisiko alianza kwenda kule alasiri, anakaa juu ya kifusi, anainamisha sikio. Mara nyingine Luciana alifunga kibanda mapema akaenda kukaa naye. Walisikiliza pamoja. Luciana aliweza kumtofautisha Balozi, na yule jike aliyezoea kulala kwenye mashine ya kusaga, na wengine. Aliwataja, na Waisiko akawa anaitikia kwa kichwa, akisubiri wamalizike ili asikie kama kuna sauti nyingine nyuma yao. Haikuwapo. Walirudi wakiwa wameshikana mikono, kwa sababu njia ile ina mawe.

Mvua za masika zilipoanza, Omondi aling'atwa na mbwa hai aliyetokea Matongo akipepesuka. Zahanati walimwosha kidonda kwa sabuni. Sindano haikuwepo. Wenzake wakampakia kwenye bodaboda hadi Sirari, akavuka kwenda kwa dada yake Migori, na tangu hapo hakuna aliyepata habari zake.

Machage akapita tena na kipaza sauti. Safari hii hakukuwa na wasiwasi wowote, kwa maana zoezi la kwanza lilikwisha kuchunguzwa na kuonekana halina madhara.

Asubuhi Batholomeo alitoa koleo nyuma ya mlango. Luciana alikuwa amesimama uani.

"Unakwenda?"

"Wameniita."

"Hata utakaowafukia leo watarudi, Batholomeo. Watakuja kulala hapa pamoja na hawa."

"Najua," akasema. "Sasa nifanyeje?" Kisha akaweka koleo begani.

Mbwa wakainuka kizingitini, wakajikung'uta, wakamfuata kwa mstari kama mbwa wanavyomfuata mwenye nyumba. Walipita mashine ya kusaga, wakapita duka la vocha. Wengine walio hai, waliokuwa wakizurura pale, walipoona wenzao wanakwenda kwa utulivu namna ile, wakajiunga bila mtu kuwapigia mluzi. Wa mwisho alikuwa mtoto wa mbwa wa rangi ya mchanga aliyeingia senta wiki ileile. Katika mstari mzima, wale waliotangulia walikuwa hawahemi, na yeye alikuwa akihema kwa nguvu, ulimi nje, akikimbia ili asiachwe.

Luciana alitoka mpaka barabarani amwite. Lakini alikuwa hajampa jina bado, na akasimama pale mdomo wazi, hajui aite nini, mpaka mstari ukapinda kona ya mahindi.