Mama Amehamishiwa Makao Makuu

Mkemia alifungua kopo la rangi ya mafuta kwa bisibisi, akakuta utando, kama alivyojua atakuta. Ulikuwa mzito, umejikunja pembeni kama ule wa maziwa yaliyopoa. Akafungua kopo la pili, nalo vilevile. Wateja walikuwa wanarudisha makopo kiwandani kwa mafungu, na mwenye duka mmoja alishamwambia kwenye simu kwamba safari ijayo atayamwaga mlangoni pake. Mwongozo wa kampuni ulisema rangi ijazwe kwenye makopo mara tu inapotoka kwenye tangi. Mwongozo wenyewe uliandikwa Makao Makuu, nchi ya baridi, ambako rangi inapoa yenyewe hujageuka hata shingo. Hapa tawini bati la paa lilikuwa linawaka tangu asubuhi, na rangi ilifungiwa ndani ya kopo na joto lake lote. Mkemia alishawaandikia Makao Makuu mara chungu nzima. Kila mara walimjibu kwamba asome mwongozo.

Siku hiyo uzalendo ukamshinda. Akamwita Fundi wa mitambo, akamwambia walizungushie tangi maji baridi, waache kikorogeo kizunguke polepole, na pasijazwe kopo hata moja mpaka mtu aweke kiganja ubavuni mwa tangi asisikie joto. Fundi akauliza kwa nini wasitumie kipimajoto kilichofungwa pale pale kwenye tangi. Aliuliza kwa mazoea tu. Wote wawili walijua kwamba kipimajoto hicho kililetwa kutoka Makao Makuu, na tangu kifungwe kilikuwa kinasoma hali ya hewa ya huko kilikotoka. Juzi kilionyesha theluji.

Njia yenyewe Mkemia aliitoa kwa mama yake mzazi. Mama alikuwa akishachemsha maziwa anaitia sufuria kwenye beseni la maji, anakoroga bila haraka, anagusa ubavu wa sufuria kwa kiganja, ndipo anafunika. Alishafariki, Mungu amrehemu, lakini enzi za uhai wake maziwa yake hayakuwahi kuota utando. Rangi nayo haikuota.

Habari zikafika juu. Meneja wa tawi, bwana mmoja wa tai na presha, alikuja maabara akitweta. Kampuni ina kitu kinaitwa Ghala la Maarifa, akasema, kila tawi linatakiwa kuweka ubunifu wake humo, na sisi hatujaweka hata punje. Mkemia akamkumbusha kwamba mapendekezo yake yote yalikataliwa. Meneja akasema ndiyo maana hatujaweka hata punje.

Basi akahojiwa kwenye skrini na Msimamizi wa Ghala, kijana mwenye miwani huko Makao Makuu. Msimamizi alitaka kujua wazo limetoka wapi. Mkemia akamweleza mama, beseni na kiganja. Kijana akafurahi, akasema chanzo kiambatanishwe kizima kizima, kwa sababu maarifa yakiachana na chanzo chake hupotea. Mkemia alikuwa na makopo yanamsubiri na kichwa kinamgonga. Akabonyeza kukubali.

Aliporudi nyumbani jioni, picha ya mama ukutani ilikuwa na kiti peke yake. Mto wa kiti ulikuwa bado umebonyea. Akajaribu kuikumbuka sauti ya mama yake, akakuta haipo. Hajakaa sawa, simu ikalia. Alikuwa mama mdogo, mdogo wa marehemu, mwanamke ambaye kuuliza kwa upole hakujaliwa.

"Wewe, dada yangu umempeleka wapi? Tangu mchana nautafuta uso wake kichwani siupati."

Mkemia akajibu kwamba amempeleka Makao Makuu, bila kukusudia. Mama mdogo akauliza kama huko kuna baridi, na kama alimpa hata sweta. Alipojibiwa kwamba hakumpa, akasonya, akakata simu.

Jumatatu palikuwa na mkutano wa matawi yote. Kwenye skrini alionekana Mkurugenzi wa Maarifa akizungumza, na nyuma yake, karibu na dirisha, alikaa mama. Alikuwa amevaa koti zito na kitambulisho shingoni, anakoroga kitu kwenye beseni. Katika mikutano hiyo matawi hayasemi. Vipaza sauti vyao hufungwa huko huko Makao Makuu ili yasilete kelele. Mkemia akapunga mkono. Mama akainua macho, akamwona, akaanza kuinua wake. Mkurugenzi akasogeza kiti, akamziba.

Mkemia akatoka pale moja kwa moja mpaka ofisini kwa Meneja, akasema anamtaka mama yake. Meneja akatoa mkataba, akamsomea kwamba kila kilichobuniwa kazini ni mali ya kampuni.

"Mama yangu hakubuniwa kazini," Mkemia akasema.

Meneja akalifikiria hilo, maana hakuwa mtu mbaya. Akakiri kwamba ni hoja nzito, ila hakuna idara ya kuipelekea.

Haukupita muda, njia ikarudi tawini. Sasa iliitwa Njia ya Makao Makuu, ina nembo, na wafanyakazi wa matawi yote waliamriwa kuisoma. Maji yalikuwamo, kukoroga kulikuwamo. Kiganja walikitoa, wakisema hakipimiki, na mahali pake wakaweka kipimajoto. Kipimajoto kile kile! Kila tangi la rangi likawa linahesabiwa limepoa kabla halijazungushiwa maji, na utando ukarudi kwenye makopo kama haukuwahi kuondoka. Mkemia akaandika kueleza kosa liko wapi. Wakamjibu kwamba asome mwongozo mpya. Sasa mtu kama huyu umjibu nini? Unaweza kulia, unaweza kucheka, na makopo yanarudi vilevile.

Mkufunzi wa somo alikuwa mama. Wafanyakazi waliangalia kipande kifupi kilichorekodiwa, mama hana sauti, maelezo yanasomwa na mtu mwingine, halafu wakafanya mtihani. Aliyefaulu alipewa cheti, na somo likajifunga kwake moja kwa moja. Aliyefeli aliwekwa Alhamisi ana kwa ana na mkufunzi, na hapo tu kipaza sauti cha tawi kilifunguliwa, ili mkufunzi asikie mwanafunzi amekwama wapi. Fundi alifaulu kwa kubonyeza majibu bila kuyasoma. Mlinzi alifaulu. Tawi zima alifeli mtu mmoja. Swali liliuliza rangi iliyopoa inajulikanaje, na Mkemia aliandika kwamba inajulikana kwa kiganja. Wenzake walimcheka mpaka wakashika mbavu. Yeye akaenda kunawa uso.

Alhamisi skrini ikawaka, mama akiwa peke yake. Mkemia akasema, "Mama, ni mimi, nyumbani tunakutafuta," na mawasiliano yakakatika papo hapo. Mfumo haukuruhusu maneno nje ya somo. Ikabidi afeli tena.

Alhamisi iliyofuata alikuwa amejipanga.

"Tangi langu lina joto," akasema. "Haliteremki."

Mama akaacha kukoroga. "Tangu lini?" Sauti ilikuwa ile ile, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni, na Mkemia akaikumbuka yote kwa mpigo mmoja.

"Tangu fungu la kwanza lilipoondoka."

"Usilikoroge peke yako, utaumia mgongo. Mlete mwenzako mshike zamu."

Kwa hiyo Alhamisi nyingine mama mdogo akaja kiwandani kama kibarua mpya, ndani ya ovaroli ya Fundi iliyombana makalio, akafanya mtihani, akafeli bila taabu. Alikaa mbele ya skrini, akafuta macho kwa mkono wa ovaroli, akauliza kama huko kwao rangi inapoa vizuri.

"Inapoa kupita kiasi," mama akasema, akilivuta koti.

"Funika mapema basi," mama mdogo akamwambia. "Usijifanye kijana. Namaanisha kopo." Mfumo ukaliacha lipite.

Wiki zikaenda hivyo. Walizungumza juu ya maji, mwiko, joto na vifuniko, na waliachana wakiwa wameambiana yote. Nyumbani picha ilibaki kiti kitupu, lakini mama mdogo alishaupata tena uso wa dada yake, na alikuwa analala vizuri.

Kisha ikaja ripoti ya mwaka. Makao Makuu yalikuwa yamepanga matawi kwa uwezo wa kujifunza, na tawi hili lilikuwa la mwisho. Ushahidi ulitajwa: mkemia wake mwenyewe hufeli kila wiki somo rahisi kuliko yote. Ripoti ikahitimisha kwamba tawi halina uwezo wa kubuni na lisitarajiwe kufanya hivyo. Lisipokuwa na mtu aliyefeli kufikia Ijumaa, litafikiriwa upya. Likiwa naye, maabara itafungwa.

Alhamisi hiyo Meneja alishuka mwenyewe hadi maabara, tai imelegea. Nje lori lilikuwa linateremsha makopo yaliyorudishwa. Mama mdogo alimalizana naye haraka, kwa kuacha ukibarua na kumwachia Mkemia salamu za kumfikishia dada yake. Akabaki Mkemia.

"Andika kipimajoto," Meneja akambembeleza. "Neno moja tu, jamani. Ukifeli leo, kuanzia Jumatatu kazi yako ni kupanga yale makopo yaliyorudishwa. Umesoma miaka yote hiyo ukapange makopo?"

Mkemia akasema amesikia, na alikuwa amesikia kweli. Aliitazama mizani yake, chupa zake na dirisha alilolisafisha mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine aliyelisafisha. Aliipenda maabara ile. Akavuta kiti, akaandika kiganja.

Skrini ikawa nyekundu. Meneja alikaa juu ya ndoo, akashika kichwa. Baada ya muda akanyoosha mkono, akafungua kipaza sauti, kwa kuwa utaratibu ulimtaka afungue.

"Umefeli tena?" mama akauliza.

"Nimefeli, mama."

"Vizuri," mama akasema, na kukunja mikono ya koti. "Haya, tuanze upya. Maji kwanza."