Hakuna Mgonjwa Aliyedhurika

Katika ukurasa wa nne wa ripoti ya udukuzi palikuwa na sentensi moja fupi, safi kama sahani ya mgeni: "Hakuna mgonjwa aliyedhurika." Chini yake pengo lilisubiri sahihi ya Huwaida, msimamizi wa mitambo ya idara ya afya, Lamu.

Tima alikuwa amezikwa Mbwajumali siku tisa zilizopita.

Ijumaa ile alijifungua salama, kisha damu ikakataa kukoma. Muuguzi wa zahanati ya kijiji akaomba boti ya wagonjwa kwa kompyuta, kama alivyofundishwa, na kompyuta ikamjibu kwamba ombi limepokelewa. Halikupokelewa na yeyote. Wadukuzi walikuwa wameuteka mfumo tangu asubuhi. Jamaa zake wakampeleka Tima Mtangawanda, wakamlaza gatini kungoja boti ambayo hakuna aliyeituma. Simu zilipoanza kupigwa, maji yalikwisha kuzidi unga.

Kampuni ya mtandao iliziona dalili za udukuzi siku mbili kabla. Wanasheria wake wakaagiza barua ya onyo kwa serikali isitoke mpaka waipitie. Zaki, fundi wa kampuni na mtoto wa mama mdogo wa Huwaida, alishindwa kustahimili, akampigia simu.

"Dada, zimani mfumo huo. Una wezi ndani."

"Niletee barua yenye muhuri, Zaki. Nikizima mitambo kwa neno la ndugu yangu, watasema ofisi nimeifanya baraza ya nyumbani."

Na akacheka. Kicheko hicho alikichukia sasa kuliko alivyowachukia wadukuzi.

Leo pande zote mbili, idara na kampuni, Zaki akiwemo, zilikuwa mezani, zikikaribishana chai. Bi Mahfudha, mkuu wa idara, alimsogezea karatasi.

"Kwa mkataba huu, kuanzia leo kampuni ikiona hatari itatuonya saa ile ile, bila barua. Hii ndiyo ndia tuliyoililia miaka. Lakini hawatatia sahihi wakiwa na maiti kwenye ripoti. Huyu amekwenda, mwanangu. Fikiria watakaokuja."

Huwaida aliwafikiria. Bi Mahfudha hakuwa akisema uongo, na hilo ndilo lililomuumiza. Mkataba ule ungeokoa watu. Lakini waliokwisha kuzoea kuficha pamoja, kesho wataonyana nini?

Akaikata sentensi. Juu yake akaandika: Tima binti Sadiq, wa Mbwajumali, alifariki gatini akingoja boti. Kisha: Mimi nilionywa Jumatano, nikadai barua.

Akampa Zaki kalamu. "Andika na wewe. Andika ni nani aliyeizuia barua."

"Dada, wataka nifutwe kazi?"

"Nataka uandike."

Bwana Abubakr, mkuu wa kampuni, alifunga mkoba wake, akaondoka kitini. Bi Mahfudha aliinamisha kichwa. Zaki aliipokea kalamu.

"Mtoto yu hai?" akauliza.

"Yu hai. Ananyonyeshwa na jirani."

Zaki akaivuta karatasi karibu yake. Mlangoni, Bwana Abubakr alikuwa amesimama, akimngoja.