Kiwiko cha Francisca

Francisca wa Kirushya hakumficha mtu kwamba bintiye ana akili. Aliwaambia watu sokoni, akawaambia kanisani, na padri alipomwomba apunguze, akamwambia padri pia. Sasa binti huyo, Yuster, mwalimu wa kemia, alikuwa ameazimishwa na chuo mashine inayovuta nyuzi nyembamba kuliko utando wa buibui, za kufunikia vidonda vya moto. Gundi ya kuvutwa iwe nyuzi aliipika mwenyewe kwa ngozi za ng'ombe za Nyakahura. Lakini asubuhi hiyo mkaguzi wa chuo, Bwana Kwizera, alikuwa njiani, na asipoona uzi, mashine ingeondoka naye.

Na uzi haukutoka. Kipasha joto cha mashine kilikuwa kimeungua, baridi ya mlimani ikaingia, gundi ikaganda ndani ya bomba la sindano. Kwa haraka Yuster akatoa maji jikoni yakichemka, akayapitisha kwenye mpira uliozungushwa kwenye bomba hilo. Gundi ikawa maji. Umeme ulipoivuta, yakaruka matone tu, si uzi.

"We Yuster!" Francisca akasema. "Ndizi ukizivundika kwa pupa, ganda linaungua na moyo unabaki mbichi. Shuleni hamkufundishwa?"

"Mama, hii inataka digrii arobaini. Isipande, isishuke."

"Digrii sizijui. Yaweke sawa hayo maji, niyaguse."

Yuster akachanganya maji ya mpira ndooni, akapima mpaka yakafika arobaini. Francisca akazamisha kiwiko, akafumba macho. Kwa kiwiko hichohicho alikuwa amepima shimo la ndizi za pombe miaka thelathini, akijua lini aongeze moto na lini aufukie. Akavuta kigoda kando ya ndoo, birika la moto kulia, jagi la baridi kushoto.

Kwizera akaingia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usinisemeshe."

Mkaguzi akatumbukiza kipimajoto: arobaini. Baada ya saa nzima, arobaini tena. Mara ya tatu, kabla hajakisoma, Francisca akasema, "Yamepanda kidogo," akashika jagi. Kipimo kilisema arobaini na moja. Kwenye karatasi ya alumini iliyo mbele ya sindano, utando mweupe ulikuwa umetanda, hauna tone hata moja. Francisca aliona fahari. Miaka yote alijivunia mtoto. Leo alijivunia nafsi yake.

"Mashine inabaki," Kwizera alisema, akatoa fomu. "Mdhibiti wa jotoridi nimwandike nani?"

"Francisca, mama yangu," Yuster akajibu.

"Elimu yake?"

Mama yake akawahi kujibu.

"Andika: kuvundika ndizi, miaka thelathini."

Kwizera akaandika, kisha akamsomea neno kwa neno. Nje, majirani walikuwa wamekuja kuchungulia. Francisca akainuka, akalifungua dirisha lote.

"Soma tena, mwanangu," akasema. "Na sauti uipandishe."