Wadhamini wa Kitengo cha Nne

Barua ya kuomba udhamini, alivyofundisha Mwalimu Rakhima, haizidi ukurasa mmoja. Unaanza kwa salamu, unasema ninyi ni nani, mnataka nini, na atakayetoa atapata nini, maana mkono mtupu haulambwi, na wenye nazo wa mji wa Karashoky wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Ulbolsyn alikuwa amekaa karibu na bomba la joto katika chumba cha fizikia, soksi zake zikikauka juu ya bomba, akinakili maneno yale yale kwenye karatasi nyingine: mdhamini wa dhahabu, jina lake kifuani mwa fulana, wa fedha, mgongoni, wa shaba, kwenye mkono. Nje theluji ilikwisha kuwa nyeusi, kama ilivyo ada ya theluji ya mji wa makaa ya mawe ikishafika adhuhuri.

Wavulana walikuwa wakilehemu nyaya za roboti yao, waliyoiita Tailak, yaani mwana-ngamia, kwa kuwa ilikuwa fupi, nene na mbishi. Kazi ya barua alipewa Ulbolsyn kwa ajili ya mwandiko wake. Yerasyl, nahodha wa timu, alikuwa na maelezo mengine.

"Ulbolsyn maana yake 'na awe mvulana', si ndiyo?" alisema. "Basi wewe mwenyewe ni barua ya maombi. Tatizo haikujibiwa."

"Na wewe ni jibu la barua ambayo hakuna aliyeiandika," Ulbolsyn akamjibu bila kuinua kichwa.

Wenzao wakacheka mpaka mmoja akajiunguza kidole.

Mpaka hapo majibu yalikuwa haba. Benki ilisikitika. Mwenye teksi alisikitika zaidi. Tanuri la mikate lilileta gunia la mikate mikavu, ikaliwa. Kampuni ya mgodi, ambayo nusu ya mji ilikula kwake, haikujibu kabisa. Mashindano ya roboti ya Astana, mji mkuu, yalikuwa yanakaribia, na Tailak hakuwa na mota ya mkono wala mnyororo wa magurudumu.

"Ukumbini kuna ubao wa walezi," alisema Mwalimu Rakhima. "Waandikie wote waliomo."

Ubao huo ulikuwa wa tangu enzi za Wasovieti, wakati kila darasa lilikuwa na kitengo chake cha mgodi cha kulilea: kulipaka rangi, kuliletea mti wa Mwaka Mpya, kuwapeleka watoto kuogelea. Mlezi wa chumba cha fizikia alikuwa Kitengo cha Nne. Hakuna aliyewahi kulifuta jina hilo, na aliyeambiwa awaandikie wote huandikia wote. Ulbolsyn akaandika.

Kitengo cha Nne kilikuwa chini mgodini, nyuma ya ukuta. Miaka mitatu kabla, moto ulizuka humo, na Kampuni ikajenga ukuta wa zege siku hiyo hiyo ili moto usile makaa ya vitengo vingine. Watu saba walibaki upande wa pili. Waliojenga ukuta walisikia mtu akigonga. Wakaambiwa ni mabomba yanapoa. Zharas, baba yake Ulbolsyn, alikuwa mmoja wa wale saba. Lakini katika karatasi za Kampuni hakuna aliyekufa. Watu saba walikuwa wakitafutwa, basi. Kwa hiyo hapakuwa na kaburi wala sala ya jeneza, na Kamshat, mama yake, hakuwa mke wala mjane. Akienda ofisi yoyote aliulizwa mume wake yuko wapi, kana kwamba amemficha kabatini.

Barua ile haikupelekwa posta, maana posta ingeirudisha. Nyuma ya uwanja wa shule lilichomoza bomba la hewa la mgodi wa zamani. Ulbolsyn akaitumbukiza bahasha humo, bomba likaivuta, naye akaenda nyumbani kula.

Jibu lilikuwa chini ya mlango wa chumba cha fizikia kesho yake asubuhi. Lilikuwa na alama za vidole vyeusi pembeni, na lilisema hivi: "Barua yenu tumeipata. Kitengo kimekubali. Huku pesa hatuna. Semeni mnapungukiwa na nini."

Mwalimu Rakhima alilisoma mara moja, akalipachika kwenye faili la wadhamini.

"Waambie mota na mnyororo," akasema. "Na beringi, kama zipo. Usisahau kushukuru."

Vitu vilikuja kabla ya kengele ya kwanza: mota iliyofungwa kwa gunia, mnyororo, beringi kwenye kofia ngumu, waya wa shaba uliokunjwa vizuri kama uzi wa kufumia. Vyote vilikuwa na unyevu na bado vilikuwa na joto. Kuanzia mlango mkubwa mpaka chumba cha fizikia palikuwa na nyayo za buti za mpira, nyeusi tititi. Bibi Nyura, mfagizi, alikuja juu.

"Nimepiga deki jana tu! Wafu au wazima, mlangoni kuna tambara!" akafoka. "Kwao wanafuta miguu, kwangu je?"

Akaweka tambara jingine kubwa zaidi. Toka siku hiyo nyayo zilikomea kwenye tambara, na Bibi Nyura akasema afadhali, wana adabu kuliko wanafunzi.

Ijumaa, Kamshat alikuwa akikaanga shelpek, ile mikate bapa ambayo harufu ya mafuta yake ndiyo riziki ya marehemu. Alikuwa amefanya hivyo kila Ijumaa kwa miaka mitatu, dirisha wazi hata kwenye baridi ya kukata masikio, na kama mtu angemuuliza anamkaangia nani iwapo mumewe anatafutwa, angemfukuza na mwiko. Jua lilipokuwa linazama mlango ukafunguliwa, Zharas akaingia, taa ya kofia ikiwa imezimwa. Nyuma yake alikuja Mzee Genrikh, msimamizi wa zamu, ambaye alibaki karibu na mlango kwa sababu hakutaka kuchafua zulia.

"Mmechelewa," alisema Kamshat. Mkate mmoja ukamponyoka, ukakunjamana ndani ya mafuta.

"Njia ni mbovu," akasema Zharas.

Akakaa mahali pake pa zamani. Hakula, alivuta harufu tu, polepole, macho amefumba. Ulbolsyn alimtazama, akaona masizi kwenye mikunjo ya shingo yake, akaona lile jino lililovunjika, akasogea akakaa karibu naye.

"Ile barua uliandika wewe?" baba yake akauliza.

"Ndiyo, baba."

"Tuliisoma kwa zamu. Mzee Genrikh alisema huyo lazima ni wa Zharas, angalia herufi zilivyosimama." Akatabasamu. "Sisi tuliomba mvulana, tukajibiwa vingine. Sijawahi kulalamika."

Mzee Genrikh akakohoa kule mlangoni.

"Muulize lile jambo," akasema.

"Enhe. Barua inasema mdhamini wa dhahabu jina lake linawekwa kifuani. Hiyo mota ni dhahabu au fedha?"

"Dhahabu, baba."

"Basi tungependa majina. Yote saba. Hayajaandikwa popote, unaelewa? Hata kwenye jiwe."

"Yatakaa kifuani," Ulbolsyn akasema. "Nakuahidi."

Wakaondoka mafuta yalipopoa. Ijumaa iliyofuata wakarudi, na iliyofuata pia, na Kamshat akaanza kufunga kitambaa kipya siku hiyo. Majirani waliona taa dirishani, wakasema afadhali Zharas anafika nyumbani, wengine hata wazima hawafiki. Kule shuleni Yerasyl aliyaandika majina saba ubavuni mwa Tailak kwa rangi nyeupe, akilamba ncha ya ulimi, bila utani hata mmoja.

Ndipo Kampuni ikajibu. Bwana Sagyndyk, ofisa uhusiano, alikuja mwenyewe, viatu vinang'aa, akiwa na mifuko ya fulana zilizokwisha kuchapwa jina la Kampuni. Kampuni ingelipa basi, hoteli na kiingilio cha mashindano. Sharti lilikuwa moja: ndiyo iwe mdhamini pekee. Akamzunguka Tailak, akainama, akasoma kibati cha mota.

"Hii imetoka wapi, apai?" akauliza, akimwita mwalimu kwa neno la heshima.

"Kitengo cha Nne," alijibu Mwalimu Rakhima. "Wameileta wenyewe."

"Sikatai. Walikuwa mafundi hodari wale." Akajifuta vidole kwa leso. "Lakini mota ni ya Kampuni. Mnyororo ni wa Kampuni. Hata hayo maji yaliyomo kwenye beringi ni ya Kampuni. Kwa hiyo mchango ni wa Kampuni."

"Walioleta ni wao," Ulbolsyn akasema. Sauti ilimtoka kali kuliko alivyokusudia.

Bwana Sagyndyk akamgeukia kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa mbaya.

"Binti, mtu anayetafutwa hawezi kudhamini. Akidhamini, maana yake amepatikana. Akipatikana, watakuja watu kuuliza amepatikana katika hali gani, na ukuta ulijengwa saa ngapi. Unaona tunakoelekea? Tuache mambo yalivyo. Tunaendelea kuwatafuta."

Akabandika stika ya Kampuni juu ya majina saba, akaipapasa ili ishike vizuri. Mwalimu Rakhima alitazama dirishani. Alikuwa mwanamke asiyemwogopa mkaguzi wala mzazi mlevi, lakini kodi ya nyumba yake, joto la shule yake na pensheni ya mama yake vyote vilipita mikononi mwa Kampuni, na mwenye nguvu mpishe.

"Ulbol," akasema hatimaye, "watoto wamehangaika majira yote ya baridi. Waandikie barua ya shukrani. Una mwandiko mzuri."

Ulbolsyn akaandika. Ukurasa mmoja, salamu mwanzoni. Aliona haya kila mstari, na herufi zikasimama vizuri vile vile.

Kule Astana, Tailak alibeba matofali yake ya plastiki na kuyapanga upesi kuliko roboti zote za upande wake. Kisha, kabla filimbi haijalia, akatoka nje ya mstari, akaenda mpaka kwenye ukuta wa ukumbi, akainua mkono, akagonga. Akatulia kidogo kama anayesikiliza. Akagonga tena. Waamuzi wakamkata alama kwa kutoka uwanjani, timu ikawa ya tatu, na Bwana Sagyndyk akapiga picha nyingi. Gazeti la wilaya liliandika kwamba Kampuni inajali vijana.

Ijumaa baada ya safari, Kamshat alikaanga shelpek zaidi ya kawaida. Zharas alipoingia hakukaa kwanza.

"Fulana iko wapi? Mzee Genrikh hajalala kwa ajili ya hiyo fulana."

Ulbolsyn aliitoa nyuma ya mgongo. Baba yake akaikunjua, akaisogeza karibu na jiko apate kuona, akasoma. Akaigeuza mgongoni. Akaangalia na mikono.

"Ni Kampuni," akasema.

"Nisamehe, baba. Nilikuahidi." Machozi yalimtoka, akayaacha. "Walikataa. Wamesema jina la mtu anayetafutwa haliandikwi."

Zharas akainua uso.

"Anayetafutwa? Nani anatafutwa?"

"Ninyi."

"Mpaka leo?"

"Karatasi zao ndivyo zinavyosema."

Zharas akamgeukia Mzee Genrikh, na yule mzee, kwa mara ya kwanza, akakanyaga zulia.

"Umesikia, Genrikh? Wanatutafuta." Uso wake ulichangamka, akawa kama siku alipoleta baiskeli ya Ulbolsyn kutoka Karaganda. "Na sisi miaka yote hii tunawalaani watu. Tuligonga, tuligonga, tukasema basi, wametuacha. Kumbe watu wako kazini!"

"Mimi niliwaambia," alisema Mzee Genrikh, japo hakuwahi kuwaambia.

Ulbolsyn alifungua mdomo kusema hakuna anayewatafuta, hakuna koleo hata moja, ukuta uko palepale na umepakwa chokaa. Akautazama ule uso uliochangamka. Akashindwa. Mama yake naye alikuwa ameshika mwiko bila kuugeuza mkate, nao ukiungua.

"Sasa tunafanya ujinga," Zharas akasema, akivaa kofia yake. "Wao wako kule wanatutafuta, sisi tuko huku juu tunazurura. Tutapishana nao. Turudi tukakae mahali petu, watukute."

"Kaa kidogo, Zharas," alisema Kamshat. "Mkate bado wa moto."

"Wakishatupata nitakaa hata mwaka." Akamgusa Ulbolsyn kichwani, akaacha alama nyeusi kwenye nywele. "Andika vile vile, mwanangu. Unaandika vizuri."

Hawakuja Ijumaa iliyofuata, wala iliyofuata hiyo. Nyayo zilikauka kwenye tambara, na Bibi Nyura hakulifua. Yerasyl akambandua Tailak ile stika, lakini ilitoka pamoja na rangi nyeupe, na ubavu ukabaki bati tupu.

Ulbolsyn alimwandikia Bwana Sagyndyk barua nyingine: sisi ni nani, tunaomba nini. Aliomba ukuta ubomolewe. Kwenye sehemu ya atakayetoa atapata nini hakupata cha kuandika, akaiacha wazi. Alieleza pia kwamba Tailak akipelekwa kwenye bomba la hewa nyuma ya uwanja hugonga, na kutoka chini hujibiwa, kila mara, bila kukosa. Jibu lilikuja kwa karatasi safi yenye muhuri. Kampuni ilishukuru kwa barua. Utafutaji ulikuwa unaendelea. Kuhusu huko kugonga, ni mabomba yanapoa.

Kamshat bado anakaanga shelpek Ijumaa, dirisha wazi. Jua likizama Ulbolsyn humbeba Tailak mpaka kwenye bomba, humwacha agonge, halafu huinama aweke sikio. Chini kule hujibu haraka, kwa bidii, kama watu wanaojua wageni wako karibu kufika.